Imetazamwa

4 Februari

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu, maana mara ya mwisho uliandika kwamba miguu imevimba hadi viatu vyote vinakukataa. Sisi huku tu wazima. Mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa pili, wa kike. Analia kama king'ora, na watu wote wamekubaliana kwamba sauti hiyo ameirithi kwako, ya enzi ulipokuwa ukinyamazisha wanafunzi maktabani. Baba hajambo. Bado yuko kule kwenye ghala la rangi, anatunza funguo.

Ningekupigia simu lakini najua siku hizi husikii, nami sitaki kupiga kelele mambo ya kazi mbele ya ofisi nzima. Shangazi, nimepewa mzigo. Kamati ya ununuzi ya chuo chetu inataka hadi mwisho wa Juni niseme kama tuendelee kununua filamu za kufundishia kwenye DVD za kawaida au tuhamie kwenye Blu-ray. Wahadhiri wa udaktari wanataka Blu-ray. Wanasema kwenye DVD mshipa na uzi wa kushonea vinafanana. Wa lugha hawajali, mradi midomo ionekane. Tuna madarasa ishirini na mawili, na mashine za Blu-ray ziko katika manne tu.

Jambo la pili: kuna kanda mia nne za zamani za video. Zinatakiwa kuhamishiwa kwenye diski, kisha zitupwe, chumba chake kiwe cha kompyuta. Wewe ulifanya kazi hiyo hiyo kwenye maktaba yenu. Nielekeze nianzie wapi.

Wako mtiifu,
Mwanao

20 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimekawia kukujibu, si kwa kukosa karatasi. Mkono unatetemeka na siku nyingine naandika mstari mmoja, nalala. Hongera kwa mtoto. Mwambie mdogo wako sauti hiyo ni mali, asiizime. Mimi nipo. Moyo wangu umekuwa kama mtumishi anayekaribia kustaafu: anafika, anasaini, hafanyi kitu.

Sasa diski. Nilidhani nimeshastaafu kuulizwa habari zake. Enzi zangu tulianza na zile kubwa kama sinia, na mkuu wetu akaapa kwamba ndizo zitakazotuzika. Tukazizika sisi, baada ya miaka sita. Kwa hiyo usimwamini mtu yeyote anayekuambia aina fulani itadumu, hasa akiwa ndiye muuzaji.

Anza na mashine, diski zitafuata. Mashine ya Blu-ray husoma DVD. Ya DVD haisomi Blu-ray. Kila mashine ikifa darasani, weka ya Blu-ray mahali pake, na baada ya miaka michache utakuwa umehama bila kelele. Madaktari wape wanachotaka, maana kwao picha ndiyo somo. Wengine wanunulie DVD. Geuza kasha uangalie namba ya eneo, kwa sababu diski iliyotengenezwa kuuzwa bara jingine inaweza kugoma kabisa kwenye mashine yako, ukabaki unamwomba radhi profesa mbele ya wanafunzi sitini. Na utofautishe diski iliyopigwa chapa kiwandani na ile mnayoichoma wenyewe ofisini. Ya kiwandani maandishi yake yamegandamizwa. Ya kuchoma ni rangi tu, na rangi hufifia, ikiwekwa dirishani hufifia upesi zaidi.

Kuhusu kanda mia nne sina la kukuambia. Muulize mtu mwingine.

Msalimu baba yako.

Shangazi yako

11 Aprili

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kuona mwandiko wako, hata kama mistari inapanda mlima. Mtoto amepunguza kulia. Paa letu lilivuja kwenye mvua za juzi lakini limezibwa. Baba hajambo. Salamu zako nilimfikishia.

Ushauri wako kuhusu mashine nimeupeleka kwenye kamati na umepita. Lakini kwa kanda umenifungia mlango, nami sina mtu mwingine wa kumuuliza. Kwenye rafu za ofisi yetu nimeukuta mwongozo wako, ule wenye jalada la kijani, ambao naambiwa vyuo vingi viliufuata. Ukurasa wa tisa umeandika: "Diski haitawekwa rafuni, wala kanda yake kuondolewa, kabla mtumishi hajaitazama na kuisikiliza mwanzo hadi mwisho, akaandika juu yake neno Imetazamwa na kutia saini."

Nilimwonyesha mkuu wangu. Akacheka mpaka akavua miwani. "Dada, kanda mia nne, kila moja saa nzima na ushei. Unataka nikulipe mshahara ukae kwenye kiti unatazama sinema hadi mwakani? Fungua dakika mbili za mwanzo, andika neno lako, tusonge mbele. Huyo aliyeandika mwongozo unadhani alizitazama?"

Jumapili nikawa nauliza swali hilo mezani kwa mzaha, nikasoma ukurasa wa tisa kwa sauti. Nilipofika kwenye neno lile, Baba aliweka kikombe chini. Nikamuuliza, "Baba, vipi?" Alitoka nje akasimama kando ya tangi la maji mpaka chai yake ikapoa, nami nikaimwaga.

Nimekua nikijua mambo mawili tu: kwamba Baba alikuwa fundi wa vyombo katika idara yako, na kwamba aliharibu kitu akafukuzwa. Mama alituambia tusiulize, akafa bila sisi kuuliza. Sasa nakuuliza wewe. Fomu ya kuondoa kanda iko kwenye meza yangu, na chini kabisa kuna nafasi ya jina langu. Nisaini?

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za paa na za mtoto. Hapa nyumbani ni mimi na jirani anayenipikia uji. Daktari alikuwa akisema "ukipona". Tangu mwezi jana anasema "ukijisikia vizuri". Ni mtu mwangalifu wa maneno, nami nilifanya kazi na maneno, nimemwelewa.

Barua hii nimeianza mara saba. Hii ya nane sitaichana, hata ikitoka vibaya.

Usisaini.

Nakueleza sababu. Maktaba yetu ilikuwa na kanda mia tatu na kumi na nane za mhadhiri mmoja wa historia. Kwa miaka kumi na moja alizunguka na kamera akiwahoji wazee waliofanya kazi kwenye mgodi uliofungwa: jinsi vumbi lilivyoingia vifuani, nani alikufa, nani aliambiwa arudi kazini akiwa anatema damu. Wengi walikufa kabla hata hatujaanza kuzinakili. Hakuna mahali pengine waliposema.

Baba yako ndiye aliyenakili. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ile, na hakuna aliyejuta, kwa sababu mikono yake ilikuwa na akili. Mashine ya kanda iliungwa na mashine ya kuchoma diski kwa nyaya tatu: wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti. Televisheni ya kusikilizia iliungwa na ile ya kanda. Kwa hiyo yeye alikuwa akisikia kanda. Kilichoingia kwenye diski hakukisikia, wala haikuwa kazi yake kukisikia. Kuirudisha diski na kuisikiliza ilikuwa kazi yangu. Niliitunga mimi sheria hiyo, nikajitwika mwenyewe, nikaipigia makofi.

Mkuu wa maktaba alitaka chumba cha kanda kiwe wazi kabla muhula haujaisha. Ugeni kutoka vyuo vingine ulikuwa unakuja kuona mfano wetu, na nafasi ya naibu mkuu ilikuwa inasubiri mtu. Nilisikiliza diski tisa. Zilizobaki nilizipanga mezani, nikachukua kalamu ya wino mweusi, nikaandika Imetazamwa, Imetazamwa, siku tatu mfululizo, mpaka kidole cha kati kikafanya sugu. Nakumbuka nikijivunia mwandiko wangu.

Siku ya pili ya kuandika, baba yako aliniletea kikaratasi. Niliposoma, gari la kubebea kanda lilikuwa limeshaagizwa kwa kesho yake. Nilikisoma nimesimama, nikakitia ndani ya kitabu cha mahudhurio, nikarudi kuandika. Yeye hakuniuliza tena, kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa na alishanipa taarifa. Kanda zikapelekwa kwenye tanuri.

Muhula uliofuata, mhadhiri alifungua diski mbele ya darasa. Mzee amekaa kwenye kigoda, mdomo unakwenda, mkono unaonyesha kifua, na hakuna sauti. Akafungua nyingine. Mdomo unakwenda. Diski mia mbili na sitini na nne zilikuwa hivyo. Nilizitazama zote baada ya hapo, mwanangu. Ndipo nilipozitazama. Kuna mmoja anaomba jambo, unaona kabisa kwamba anaomba, anakunja mikono. Sijui anaomba nini, wala hakuna atakayejua.

Kamati ikaitishwa. Baba yako alisema, "Niliandika. Nilimpa dada." Mwenyekiti akanigeukia: "Alikupa taarifa yoyote?" Nikasema, "Hapana. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, inaniuma, lakini hapana." Mwanangu, walinisifu. Mwenyekiti alinishika mkono mlangoni, akasema ni nadra kuona mwanamke mwadilifu kiasi cha kutombeba nduguye. Mwezi uliofuata nikawa naibu mkuu.

Ulipoandika barua ya kwanza niliona ulivyoandika: Baba hajambo. Umeandika hivyo miaka yote, na hujawahi kuandika kwamba ananisalimu. Nami nilishukuru kwamba huongezi uongo kwenye uongo.

Kikaratasi kimo ndani ya bahasha hii. Sijui kwa nini sikukichoma. Nilijiambia ni kwa sababu mkutubi hachomi nyaraka, lakini kanda zile nilizichoma, basi hiyo haikuwa sababu. Kipe baba yako. Msomee barua hii yote, usiruke mahali. Nakala nyingine, yenye saini yangu, nimeituma kwenye chuo nilikofanya kazi ili walisafishe jina lake. Nataka lisafishwe ningali hai, nisije kusifiwa kaburini.

Shangazi yako

19 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Tu wazima.

Nimekaa na barua yako wiki tano bila kumsomea. Mara ya kwanza nilijiambia presha yake iko juu. Mara ya pili nilijiambia wewe utakufa na yeye hatajua, na maisha yatakwenda. Baadaye nikaona kwamba nimeanza kufanana na wewe, ndipo nikamwita.

Sikuruka mahali. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mikono mapajani. Nilipofika kwenye kikaratasi alinyoosha mkono. Akavaa miwani. Kimeandikwa, nawe unajua: "Dada, diski ya 41 haina sauti. Soketi ya sauti ilikuwa imelegea, nimeikaza, sijui ililegea tangu lini. Usiruhusu kanda zitoke kabla hujasikiliza zote." Alikisoma. Akakigeuza nyuma, ambako hakuna kitu, akasoma na nyuma.

"Niliandika," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Si niliandika?"

"Uliandika, Baba. Hiki hapa."

Shangazi, nilidhani ana hasira na wewe miaka yote. Sikujua hili: alishaacha kuamini kwamba aliandika. Aliniambia mwaka wa kwanza alikuwa na hakika. Mwaka wa tatu akaanza kujiuliza kama alikiandika au alikusudia tu kukiandika. Maana dada yake mkubwa, msomi, mbele ya watu wazima sita, angesemaje uongo? Ndiyo maana aliacha ufundi. Ndiyo maana akifunga mlango wa nyumba anarudi kuujaribu mara tatu, sisi tukiwa watoto tunamcheka, tukimwita Bwana Kufuli. Mama alimuuliza kabla hajafa, "Niambie kweli, uliandika au hukuandika?" Akamjibu, "Labda sikuandika." Mama amekwenda na jibu hilo.

Nilimuuliza nikujibu nini. Akasema, "Mwambie karatasi nimeipata."

"Ni hilo tu? Humsamehe?"

"We mtoto, usinikimbize. Kuna mtu nimemtukana kwenye kioo kila asubuhi nikinyoa, miaka kumi na tisa. Mjinga wewe, mzembe wewe. Huyo ndiye wa kwanza kwenye foleni. Dada atasubiri."

Chuo chako kimenijibu, maana ulitaja anwani yangu. Wanasema kumbukumbu za kamati za miaka hiyo ziliteketezwa kwa mujibu wa kanuni, na hawana faili lolote lenye jina la Baba, zuri wala baya. Kwa hiyo hawana cha kufuta. Wanakutakia afya njema.

Lakini pako mahali pamoja alipobaki. Baada ya barua yako nilitafuta kitabu cha yule mhadhiri wa historia. Tunacho. Kiko kwenye rafu ninayoipanga mimi, nimekifuta vumbi sijui mara ngapi. Dibaji, ukurasa wa tatu: "Kazi ya miaka kumi na moja ilipotezwa na uzembe wa fundi mmoja." Hakumtaja jina. Wanafunzi wanasoma hapo kila mwaka.

Fomu sikusaini. Nimemwambia mkuu wangu kwamba tutasikiliza zote mia nne hata kama itachukua miaka miwili, na kanda hazitoki. Amekasirika, ameandika barua yake, nami nimeandika yangu.

Sijui niandike nini kingine. Nilikupenda sana, Shangazi. Nilisomea ukutubi kwa sababu yako.

Mwanao

7 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika. Sikuombi kitu, na baba yako usimkimbize. Anayo haki ya kunipanga mwisho.

Hii naiandika kwa mkono wa jirani, wangu umekataa.

Yule mhadhiri bado yu hai. Amestaafu, anaishi mtaa wa nyuma ya hospitali, ghorofa ya pili, hakuna lifti. Tumekuwa tukisalimiana kwenye mazishi ya wenzetu kwa miaka, na kila mara hunishika bega na kusema, "Pole, najua na wewe lilikuumiza lile la fundi wako." Nami huitikia, "Nimeshapoa."

Juzi jirani alinipeleka kwa teksi. Ngazi ni thelathini na mbili. Nilipumzika mara nne, mara moja nikakaa chini kabisa, na watu wakanipita wakidhani nimekuja kuomba. Alifungua mlango mwenyewe. Akafurahi, akataka kuweka maji ya chai jikoni. Nikamwambia asiweke.

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kueleza habari za mkuu wa maktaba na ugeni na chumba. Nilisema hivi: "Fundi alinionya kwa maandishi kabla kanda hazijachomwa. Mimi niliandika Imetazamwa bila kutazama. Kwenye kamati nilisema uongo."

Kisha akaniuliza, "Hata yule mzee wa kigoda?" Nikasema, "Hata yeye." Akasema, "Nilimwahidi watu watamsikia."

Akaniambia nitoke. Hakupaza sauti. Jirani alikuwa ameshanishika mkono tugeuke, aliposema, "Ngoja." Akaenda kwenye meza, akarudi na kitabu chake na kalamu. Akafungua dibaji, akakata mstari ule kwa kalamu. Akasema mchapishaji wake bado yu hai pia, na kama Mungu atamwacha mwaka mmoja, mstari utatoka na mwingine utaingia. Akashika kalamu juu ya nafasi ya pembeni, bila kunitazama.

"Anaitwa nani?" akauliza. "Miaka yote nimemwita yule fundi tu."

Nikamtajia jina lake, na la baba yetu, na la babu. Aliniambia nirudie polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea. Nikarudia.

Shangazi yako